Shangazi Hakwenda Kung'oa Jino

Kila asubuhi, kabla hajagusa chai, shangazi Taraivini alikuwa akipitisha ukucha wa dole gumba juu ya mshono aliouchomelea jana yake. Anaanzia chini, karibu na mkuku wa meli, anapanda nao polepole, macho ameyapeleka baharini kama mtu anayewaza mambo mengine. Ukucha ukikwama, hata kidogo, anatoa chaki mfukoni na kutia alama, na hapo ndipo kazi ya siku inapoanzia. Usipokwama anakuja kwenye benchi letu, anamimina chai ya majani ya mlimau, kikombe cha babu kwanza.

"Umekwama?" babu anauliza.

"Leo haukukwama, baba."

"Basi kunywa."

Hayo nimeyaona miaka mitatu, tangu nilipoacha shule kidato cha pili na kupewa kazi ya kumshika babu mkono kumpeleka chelezoni, pale meli zinapovutwa nchi kavu kutengenezwa, asubuhi na kumrudisha jioni. Babu Apenisa haoni. Macho yake yaliliwa na moto wa kuchomelea, kidogo kidogo, enzi ambazo kioo kizuri cha giza kilikuwa kimoja na wanaume wanne wanakigombea. Chelezo la Wainisavu halimlipi kitu siku hizi, lakini benchi lile ni lake, na hakuna anayelikalia akiwa hayupo.

Shangazi hakufundishwa kazi ile kwa kupangwa. Alikuwa na miaka kumi na saba, anamletea baba yake muhogo wa mchana, akaona mzee anapapasa bamba la chuma kama mtu anayetafuta kiberiti gizani. Akachuchumaa kando yake na kipande cha kioo. "Kushoto, baba. Chuma kinayeyuka sana, kimbia. Hapo hapo, ngoja." Mwaka mzima walichomelea hivyo, mkono wa baba na macho ya binti, na mwenye chelezo, mzee Lockyer, asijue. Kisha siku moja babu akamwekea kishikio cha kuchomelea mkononi, akaenda kukaa. Tangu hapo akawa anamkagua kwa sikio.

"Moto mzuri unakaanga," alimwambia, nasi sote tumeusikia usemi huo mpaka tumeuchoka. "Kama samaki kwenye mafuta, sauti moja, haipandi haishuki. Ukianza kutema, kijiti cha kuchomelea kimekunywa maji, kitupe. Ukinguruma, mkono wako umekwenda mbali."

Siri ilitoka mkaguzi wa meli alipokuja kutoka Suva, mji mkuu wetu, akasifu mshono mmoja na kuuliza ni wa nani. Babu angeweza kusema wangu. Alinyoosha kidole upande aliodhani binti yake amesimama, akasema, "Wa huyo." Mzee Lockyer alicheka kwanza. Halafu akamtuma Suva kufanya mtihani, na shangazi akarudi na cheti, mwanamke wa kwanza pwani yetu yote. Hiyo ni miaka ishirini na saba sasa. Sidhani kuna meli inayopita kati ya visiwa hivi ambayo haina mshono wake tumboni. Watu wanalala juu yake usiku kucha, na kuku wao na magimbi yao, wanaamka wamefika.

Zamani chelezo lilikuwa na mafundi wanane wa kuchomelea. Kisha Australia ikafungua mlango. Wa kwanza kuondoka alikuwa Epeli, aliyeomba ruhusa siku moja aende Suva kung'oa jino. Baada ya wiki mbili tukaona picha yake amevaa koti la manjano mbele ya meli ya huko. Wa pili naye akaumwa jino. Ikawa ndiyo lugha ya chelezoni, mtu asipokuja kazini asubuhi, wanaulizana, "Jino?" Redioni waziri alisema nchi imepoteza mafundi wake.

"Hawajapotea," alisema Vilikesa. "Tunajua walipo. Kila Jumapili wanatuonyesha nyama waliyochoma."

Vilikesa ni mtoto wa dada yake babu, kwa hiyo kwa shangazi ni binamu wa utani. Kwetu binamu wa namna hiyo anaweza kukuibia samaki sahanini na usinune. Kazi yake pale ni kusaga chuma na kuvuta meli kwa winchi, na kumchokoza shangazi.

"Mke wangu," alikuwa anamwita mbele ya watu, "na wewe jino lako lini?"

"Mume gani wewe, hata soksi zako unafuliwa na mama yako. Meno yangu yote yapo. Nikitaka kuondoka nitakuja nikae hapo mbele yenu, niseme."

Watu walicheka. Hawakujua kwamba barua ilikuwa tayari nyumbani, ndani ya Biblia.

Ilitoka kwenye chelezo kubwa la kaskazini ya Australia. Walikuwa wameona picha za kazi yake kupitia Epeli, wanamtaka, kazi ya kudumu. Ila karatasi yao ya kuingilia ilikuwa na mpaka: ombi lifike kabla hujatimiza miaka arobaini na mitano. Shangazi alikuwa anaitimiza tarehe tisa Septemba. Nami ndiye niliyewasomea barua, maana shangazi hakuiamini miwani yake.

"Unataka kwenda?" babu aliuliza.

Shangazi alikuwa anapara nazi. Alipara nusu nzima kwanza. "Baba, hapa nikikosea, nani ataniambia? Wewe unasikia, lakini huoni. Mkaguzi anakuja mara mbili kwa mwaka. Huko mafundi wako arobaini. Nataka niweke mshono mtu aje nyuma yangu apitishe ukucha."

Babu aliitikia kwa kichwa kidogo, kama anaposikia moto mzuri.

"Ila Adi Loloma iko juu ya reli," shangazi akasema. "Siiachi pale."

Adi Loloma ndiyo meli yetu. Inahudumia visiwa vitano, inabeba unga, mafuta, walimu, maiti, na mwezi wa tano ilivutwa nchi kavu kwa reli za chelezo, mabamba yake yameoza kama biskuti iliyolowa. Visiwa vikabaki na boti ndogo. Mkaguzi hawezi kuisaini mpaka tumbo lichomelewe na mwenye cheti, na mwenye cheti alikuwa mmoja. Shangazi akaenda kwa mzee Lockyer, akamwekea barua mezani. Mzee aliisoma, akavua kofia, akaivaa tena.

"Ungeniambia unaumwa jino ningekasirika kidogo, Tara. Hivi nifanye nini?"

"Nitafutie mtu. Akifaulu mtihani, naenda. Asipofaulu, nabaki."

Hapakuwa na mtu wa kutafuta nchini. Mzee aliandika maombi ofisi ya uhamiaji, na mwezi wa saba akaletwa Shafiqul, kutoka Bangladesh, mwembamba, na begi moja na masharubu. Karatasi yake ilikuwa ya wiki sita. Akifaulu mtihani wa bamba mbele ya mkaguzi, anapewa miaka mitatu; akishindwa, anarudishwa kwao.

"Australia inachukua wetu, sisi tunachukua wa Bangladesh," mzee Lockyer alisema siku ile. "Sasa Bangladesh watachukua wa wapi?"

"Labda watakuchukua wewe," babu akamjibu. "Jiandae."

Shafiqul kwao alikuwa anakata meli kuukuu ufukweni, ndipo akajifunza kuziunga. Kwa bamba la kulala alikuwa hodari. La kusimama na la juu ya kichwa yalimtesa. Shangazi hakumfundisha kwa maneno mengi. Siku ya tatu alimfunga macho kwa kitambaa, akamkalisha kwenye benchi kati yangu na babu, akaenda kuchomelea mwenyewe.

"Anafanya nini sasa?" babu alimwuliza.

"Anachomelea, babu."

"Hilo hata mbuzi anajua. Mkono wake uko karibu au mbali?"

Siku nzima. Wanaume walipita wakicheka, "Babu amepata kipofu mwenzake." Siku ya nne pia. Siku ya tano Shafiqul alisema ghafla, "Kijiti kile kibaya, kinatema," na shangazi kule juu akanyanyua kofia, akakitupa kijiti chini. Alikuwa amekilowesha kwa makusudi. Babu alimsogezea Shafiqul kikombe chake cha chai.

Siku hizo ndipo Vilikesa alipoacha kuchokoza. Nilimwona anakaa peke yake kwenye winchi, anafunga na kufungua kamba ileile. Nikadhani anaumwa.

Mtihani uliwekwa Jumatano ya pili ya Agosti. Mkaguzi, Bwana Gounder, alishuka na ndege ndogo ya asubuhi na ilimpasa arudi na ya saa nane. Alitaka kibanda kitupu: yeye, Shafiqul, mabamba, na vijiti kutoka kwenye oveni ya kuvikaushia. Shangazi asiingie, asiseme. Basi akaja akasimama nje ya ukuta wa mabati, karibu na benchi, mikono nyuma. Babu alikuwa ameinamisha kichwa. Chelezo zima lilizima mashine, bila kuambiwa.

Bamba la kulala lilikaanga vizuri mpaka mwisho. Tulisikia nyundo ndogo ikigonga, brashi ya waya, kisha kimya cha kupanga bamba la kusimama. Moto ukawaka.

Ukatema.

Hata mimi niliusikia, ta-ta, ta, kama mvua ya kwanza kwenye bati. Shangazi aligeuza shingo kuelekea ukuta. Ukatema tena, ukazima.

"Amekwisha," fundi mmoja alinong'ona.

Shangazi aliinua kiganja anyamaze. Nilimwangalia usoni, nikategemea kuona huzuni, lakini alikuwa anasubiri. Ndani tukasikia sauti ya Shafiqul, taratibu, kwa maneno yake machache.

"Bwana, siendelei. Vijiti vimekunywa maji."

"Vimetoka kwenye oveni," mkaguzi akasema.

"Ndiyo, bwana. Vimekunywa maji."

"Saa inakwenda. Unajua ukisimama inahesabiwa."

"Ihesabiwe. Huu mshono ukienda baharini utafunguka."

Shangazi alifumba macho. "Amesikia," alisema polepole, si kwetu, kwa babu. Babu akampapasa mkono.

Bwana Gounder alitoka nje na kijiti kimoja, akakivunja, akakitazama, akakinusa. Aliifungua oveni. Ilikuwa baridi kama jiwe la mto. Waya wake ulikuwa umechomolewa, na vijiti vilikuwa na umande wa usiku mzima. Alituangalia wote, mmoja mmoja. Kisha akachomeka waya mwenyewe.

"Vikauke saa moja na nusu," alisema. "Ndege yangu ikiondoka, iondoke. Miaka kumi na minane nakagua, mtu kusimamisha mtihani wake mwenyewe sijaona. Kuna chakula?"

Kulikuwa na samaki wa tui na muhogo. Alikula sahani mbili. Shafiqul hakula, alikaa kwenye benchi na babu wakisikiliza oveni, kama kwamba nayo ina la kusema.

Vijiti vilipokauka alirudi ndani. Bamba la kusimama lilikaanga, sauti moja. La juu ya kichwa, sauti moja. Mabamba yakakatwa vipande vyembamba, kila kimoja kikatiwa kwenye mashine ya kukunja na kupindwa mpaka kikawa kama kulabu. Mshono mbaya hufunguka hapo, unaona ufa kama mdomo. Vipande sita. Bwana Gounder aliviangalia kwa kioo cha kukuzia, kisha akafanya jambo ambalo sikulitegemea kwa mtu wa ofisi: akampa shangazi kipande cha kwanza. Shangazi alipitisha ukucha mgongoni mwa mkunjo. Akampa babu. Babu akapitisha wake.

"Haukukwama," babu akasema.

Mkaguzi akaandika.

Mzee Lockyer alitaka kujua nani alichomoa waya, lakini shangazi alimwambia aache. Alikuwa ameshajua. Jioni ileile, kabla jua halijaingia, Vilikesa alikuja kwenye kibanda alichokuwa akilala Shafiqul, amevaa shati la kanisani, ameshika kwa mikono miwili mzizi mzima wa yaqona, ule tunaotengenezea kinywaji cha heshima. Aliketi chini mlangoni, miguu ameikunja, uso sakafuni. Kwetu mtu akija hivyo kuomba msamaha, hafukuzwi. Lakini Shafiqul hakujua, akawa anamwambia, "Simama, kaka, simama, sakafu chafu."

"Mwambie akae kitako anisikilize," Vilikesa aliniambia bila kuinua uso. Nilikuwa nimemleta babu. Kisha akasema, na sauti yake haikuwa ile ya utani. "Waya niliuchomoa mimi. Sikuwa na ugomvi na wewe. Nilitaka ushindwe ili yeye abaki. Tumebaki wachache. Nilipokusikia mbele ya mkaguzi ukikataa kijiti changu, nikaona aibu ya kuwa mtu wa hapa. Hii nakuletea uniondolee."

Shafiqul alimtazama shangazi, aliyekuwa ameegemea mlango.

"Ukiipokea, yamekwisha, na hakuna atakayeyataja tena," shangazi akamwambia. "Usipoipokea, atakaa hapo mpaka kesho. Na anakoroma."

Shafiqul aliupokea mzizi, akaushika kama mtu aliyepewa mtoto mchanga wa jirani. Babu akapiga makofi kwa mpangilio wetu, nasi tukafuata. Kuanzia siku ile Vilikesa alianza kumwita shemeji, na kumwibia samaki.

Karatasi za shangazi ziliingia tarehe ishirini Agosti. Yeye na Shafiqul walimaliza tumbo la Adi Loloma pamoja, yeye upande wa kulia, Shafiqul kushoto, na asubuhi kabla ya chai ukucha wake ulipita pande zote mbili. Upande wa kushoto ulikwama mara nne kwa jumla. Wa kulia mara mbili, na mara zote mbili ni Shafiqul aliyemwonyesha. Niliona alivyofurahi. Alitia chaki kwa madaha.

Viza ilipotoka, alifanya alivyoahidi. Alileta yaqona chelezoni mchana, mafundi wote wameketi, akakaa chini mbele yao, mwanamke peke yake, akaomba aachiliwe. Alitaja meli alizoshona, moja moja, na mwaka wa kila moja. Hakujisifu, alikuwa anakabidhi. Orodha ilikuwa ndefu mpaka chai ikapoa. Msemaji wa kupokea alikuwa babu, kwa kuwa ndiye mkubwa pale. Ningetaka kusema alilia, lakini hakulia.

"Nilikupa kishikio nikiwa sioni," alisema. "Sijawahi kuuona hata mmoja wa mishono uliyotaja. Nimeisikia yote. Sisi wa Wainisavu tunaipokea hii. Nenda. Wasipopitisha ukucha nyuma yako huko, waambie wapitishe."

Tukapiga makofi. Vilikesa alipiga kwa nguvu kuliko wote, akitazama paa.

Ijumaa Adi Loloma ilishushwa majini, ikaelea wima, haikunywa hata kikombe. Jumatatu iliyofuata shangazi alikuja chelezoni asubuhi kama kawaida, na sanduku lake. Kulikuwa na boti ya uvuvi juu ya reli, kazi ya Shafiqul ya Jumamosi. Shangazi aliweka sanduku chini, akapitisha ukucha, chini hadi juu, macho baharini. Akaja kwenye benchi, akamimina chai, kikombe cha babu kwanza.

"Umekwama?"

"Haukukwama."

"Basi kunywa."

Akanywa mpaka mwisho. Kofia yake ya kuchomelea ilikuwa imetundikwa kwenye msumari wake; aliitoa, akaifuta vumbi kwa kiwiko, akaiweka ndani ya sanduku juu ya nguo. Hakuikabidhi kwa mtu. Alinishika kichwa, akamshika babu mabega mawili, akachukua sanduku. Shafiqul alikuwa ameshawasha moto upande wa pili wa boti na hakuzima, maana aliambiwa asizime kwa ajili ya mtu.

Alipofika katikati ya uwanja ndipo nikaona muhogo wake wa safari, niliomfungia kwenye jani, umebaki kwenye benchi. Nikainuka nao.

"Kaa," babu akasema.

"Amesahau chakula, babu."

"Aliyekwisha kuagwa haitwi nyuma. Kaa, ule wewe."

Nikakaa. Kokoto zilikuwa zinalia chini ya viatu vyake, na babu aligeuza sikio kuzifuata. Vilikesa alikuwa amelifungua lango kubwa, lile la kupitishia mabamba, ingawa mtu mmoja anapita kwenye mlango mdogo. Shangazi alipita katikati yake, akakata kona kwenye ghala la nazi kavu, hakugeuka.

"Ameshapita?" babu aliuliza.

"Ameshapita."